Deni la Garissa Lodge

Kabla sijaanza niseme kwamba nina deni la shilingi 3,200, na mwenye kunidai simpati. Mtaona mbele kwa nini nimeanza na hilo.

Nilipofika Kakuma mwaka 2009 kutoka upande wa Fizi, biashara yangu ya kwanza ilikuwa chini ya kitanda. Vipande vya sabuni, chumvi, viberiti. Mteja akipiga hodi usiku, naamka, nainama, nasukuma miguu ya watoto, natoa sabuni, wanalala tena. Kwenye semina za biashara wanatuuliza mtaji wetu wa kwanza ulitoka wapi. Mimi huwa naandika "akiba", maana kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika kitanda.

Mwaka 2011 nikapata karatasi ya ruhusa ya kusafiri. Basi mpaka Lodwar, Kitale, halafu Nairobi, nikashuka Eastleigh miguu imevimba. First Avenue wakati ule ilikuwa matope, matope kweli, na pande zote maghorofa ya maduka. Nilikuwa natafuta mashuka na madera kwa bei ya jumla. Nikaambiwa, nenda Garissa Lodge. Nikasema hapana, mimi sitafuti pa kulala. Kijana wa mkokoteni akacheka mpaka akauweka mkokoteni chini.

Kumbe jina lilibaki, vitanda ndivyo vilivyoondoka.

Aliyenieleza ni mama mmoja wa Kisomali mwenye duka la mashuka mle ndani. Kila mtu alimwita Edo, yaani shangazi, na mimi nikamwita hivyo. Yeye aliniita Kongo. Duka lake lilikuwa dogo, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na hata hilo alikuwa akigawana na mwenzake muuza manukato.

Eastleigh ni mtaa wa tangu 1921. Wakati wa mkoloni, kila rangi ikiwa na mtaa wake, hapo walikaa Wahindi wengi, na Wasomali pia walikuwepo. Baada ya uhuru Wahindi wengi wakahamia mitaa mingine, na Wakenya wengine wakaingia. Garissa Lodge yenyewe ilikuwa nyumba ya wageni tu. Halafu Januari 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka Mogadishu. Watu wakavuka mpaka. Wengine walipelekwa kambini, wengine wakafika Nairobi na kupanga vyumba kwenye nyumba za wageni kama ile.

Edo alikuwa mmoja wao. Alisema chumba chao walilala wanawake watano. Asubuhi godoro linakunjwa, kitanda kinakuwa meza, na bidhaa zilizokuwa chini ya kitanda zinapanda juu. Mlango unaachwa wazi. Wateja wanapita kwenye korido wakichungulia chumba hadi chumba: hapa nguo, hapa saa, hapa redio. Usiku bidhaa zinarudi chini, watu wanapanda juu. Ikafika wakati wa kuuza wakawa wengi kuliko wa kulala, na nyumba ikageuzwa kuwa maduka matupu. Hapo ndipo maduka makubwa ya Eastleigh yalipoanzia. Baadaye zikaja Amal Plaza na nyingine nyingi.

Nikamwuliza, benki gani iliwakopesha? Akanitazama kama mtoto. Mwenye jengo anachukua kwanza pesa za wapangaji, wanaziita gudwili, kisha anajenga. Unalipia duka ambalo bado ni shimo la msingi. Ukishindwa peke yako, mnalipa wawili au watatu. Ndugu zangu wa mashirika, mkisikia wakimbizi hawawezi kuaminiana kwenye vikundi, mkumbuke hilo shimo. Ila pia nisidanganye: gudwili hupanda, na asiyeweza anatoka, na jina lake halibaki hata ukutani. Edo aliwataja waliokuwa naye mwanzoni. Wengine wako Ulaya, wengine Marekani, mmoja alirudi kuuza chai barabarani, mbele ya jengo lile lile alilokuwa na duka.

Safari ya kwanza nililipa taslimu. Ya pili akanipa mali kauli: chukua, uza, utaleta. Hakuandika popote. Nilikuwa natuma kwa simu, kwa laini ya jirani yangu Mturkana, maana kitambulisho changu hakikuniwezesha kusajili laini.

Safari ya tatu ilikuwa Aprili 2014. Wanaokumbuka watajua. Ulikuwa msako ule wa Usalama Watch, maelfu wakashikwa, wengi wakawekwa uwanja wa Kasarani. Mvua ilikuwa imetuchelewesha njiani siku mbili, na karatasi yangu ilikuwa imekwisha jana yake. Nikafika dukani kwa Edo natetemeka. Hakuuliza kitu. Jioni alisema na askari wa mlangoni, wakafunga geti la chuma, tukabaki ndani wanawake watatu. Tukalala juu ya marobota ya mashuka. Usiku tulisikia magari na mbwa. Edo akaninong'oneza, "Kongo, unaona? Imerudi kuwa loji." Nilicheka nikiwa nimeziba mdomo kwa shuka la mistari ambalo kesho yake nililinunua.

Nilirudi Kakuma salama, na robota moja la mali kauli. Nililipa kidogo kidogo. Ilipobaki 3,200 simu yake ikawa haipatikani. Nikasema labda mtandao. Mwezi, miezi miwili.

Ilinichukua miaka mitatu kupata ruhusa nyingine. Nikaenda moja kwa moja kwenye korido ile. Mahali pa mashuka palikuwa na kijana anauza kava za simu. Muuza manukato naye hayupo. Askari wa mlangoni mpya. Kijana akaniuliza, "Mama, unatafuta simu gani?" Nikamwambia natafuta mtu. Akasema yeye alichukua duka kutoka kwa mwingine, na huyo mwingine kutoka kwa mwingine. Alikuwa mpole, akanipa kiti. Nilitazama sakafu, nikapima kwa macho mahali tulipolala. Sijui kama kitanda kingeingia.

Pesa zimo ndani ya kopo la maziwa, nimezifunga kwa kitambaa. Watoto wanajua si za kugusa, hata mgao ukichelewa.

Gazeti hili dogo linafika mbali, nimeambiwa, mpaka Dadaab. Basi kama kuna mama aliyewahi kuuza mashuka Garissa Lodge, aliyekuwa akimwita mteja wake Kongo, au kama unamjua, mwambieni bado niko Kakuma 1, nauza madera. Aje, au atume mtu. Atakayekuja nitamwuliza usiku ule shuka lilikuwa la rangi gani.