Mgeni Akianguka Mlangoni

Huku Ujerumani, anayehudumia seva hahangaiki na mashine pepe (kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine) iliyogoma kuwaka. Anaifuta, mtambo unaunda nyingine kwa kufuata maelekezo yaliyokwisha kuandikwa, na dakika chache baadaye kazi inaendelea. Mwanjelwa jijini Mbeya, au Iringa mjini, dawa ya kompyuta inayosumbua kuwaka inajulikana: piga Windows upya. Ukitazama kwa mbali utadhani ni desturi moja, na wapo kati yetu wa ughaibuni wanaorudi likizo wakiwahimiza vijana wasipoteze muda kutengeneza, wafute tu kama wafanyavyo wakubwa. Ushauri huo ni nusu ya habari, tena nusu iliyo rahisi.

Nusu iliyobaki hufanyika kabla ya kufuta. Katika kampuni iliyojipanga, faili za kumbukumbu za mashine huwa zimeshatumwa mahali pengine, kwa hiyo maiti ikizikwa, taarifa ya daktari inabaki. Na kufuta kwenyewe kuna mpaka. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, zikawa zinawaka na kuanguka, zinawaka na kuanguka, na mashine pepe zilizo kwenye wingu nazo hazikusalimika. Njia mojawapo ya kuziokoa ilikuwa kuchomoa diski ya mashine iliyoanguka, kuipachika kwenye mashine nzima, kufuta faili ambalo jina lake linaanza na C-00000291, kisha kuirudisha diski kwake. Hiyo ni kazi ya fundi kabisa, tofauti ni kwamba bisibisi haishikiki. Baadaye uchunguzi ulionyesha kanuni mpya ilitarajia vigezo 21 huku programu ikileta 20. Kosa la namna hiyo haligunduliwi kwa kufuta.

Sasa tuje kwa mwanafunzi wa chuo Mbeya au Iringa mwenye kompyuta ndogo iliyotumika, RAM yake GB 4. Anaweka VirtualBox, programu iliyotolewa mwaka 2007 na kampuni ya hapa hapa Ujerumani, Innotek, na sasa iko mikononi mwa Oracle. Anabonyeza kuanza, dirisha linafunguka, linajifunga, unabaki ujumbe wenye namba 0x80004005. Namba hiyo haimwambii chochote zaidi ya "imeshindikana". Anafuta mashine, anaingia kwenye bando na kupakua Ubuntu upya, zaidi ya GB 5, anarudia, inaanguka vilevile. Bila shaka itaanguka, kwa sababu mgonjwa hakuwa mgeni, yaani mashine pepe, bali mwenyeji, yaani kompyuta inayoibeba. Mara nyingi uwezo wa prosesa wa kubeba mashine pepe, ule unaoitwa VT-x kwa Intel na AMD-V kwa AMD, umezimwa kwenye BIOS. Au Windows yenyewe imeutwaa kwa ajili ya ulinzi wake, na hapo mashine ikibahatika kuwaka utaona picha ya kobe chini ya dirisha, na itatembea kama huyo kobe. Au mwenye kompyuta amesukuma kipimo cha RAM hadi kwenye rangi nyekundu, akampa mgeni chakula chote cha nyumba. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye VirtualBox mwenyeji apone kwanza ndipo mgeni aje. Yote haya huwa yanaandikwa ndani ya faili la kumbukumbu, VBox.log, kwenye folda ya Logs iliyo ndani ya folda ya mashine yenyewe.

Umeme ukikatika ghafla na betri imechoka, hapo ndipo mgeni mwenyewe anaweza kuumia, maana diski yake ni faili lililokuwa likiandikwa. Hata hivyo nakili kwanza faili hilo la diski, kisha tumia fsck, programu ya kukagua na kurekebisha diski, kama mgeni ni Linux. Ukikosea, unayo nakala.

Fundi atanijibu kwamba mteja hulipia kompyuta inayowaka, hamlipi mtu kusoma maandishi. Ni kweli, na simlaumu. Lakini hesabu ya Ulaya, ambako saa ya mtu ni ghali na intaneti ni rahisi, hugeuka ikifika Mbeya: kusoma faili ni dakika kumi, GB 5 ni pesa taslimu. Wengine watasema faili hizo ni Kiingereza kitupu. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu ndilo linalomfanya kijana afunge faili kabla ya kulisoma. Ila msimbo kama VERR_VMX_NO_VMX si Kiingereza cha mtu yeyote. Unanakiliwa na kutafutwa jinsi ulivyo, Mjerumani naye hufanya hivyo hivyo.

Wakufunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) na vyuo vya Iringa, mnafundisha kuunda mashine pepe inayofanya kazi. Ongezeni somo moja: wapeni vijana mashine iliyoharibiwa makusudi, VT-x imezimwa, RAM imezidi, na mkataze kufuta hadi kila mmoja aoneshe mstari wa VBox.log uliomwambia tatizo liko wapi.