Sanduku la Baharia wa Mjambere

Sisi watu wa Mjambere hatuna baridi ya kuhadithia. Kusi ikivuma mwezi wa Julai na wazee wakajitanda shuka barazani baada ya sala ya alfajiri, husema kipupwe kimeingia, ilhali kipimo kiko kwenye nyuzi 20 na kitu. Kwa hivyo kijana wa mtaani anapopata kazi katika meli ya watalii, na meli hiyo ikawa inatoka Bahari ya Shamu kuelekea Norwe, nyumba nzima hufunga sanduku kwa kubahatisha. Mama hutia kanzu saba, vikoi vinne, mkebe wa achari na viatu vya Idi. Sanduku hutimia kilo 23, kiasi ambacho mashirika mengi ya ndege huruhusu, na ndani yake hamna hata jozi moja ya soksi za sufu.

Kijana mmoja wa jirani zetu aliporejea alitusimulia kwamba siku yake ya kwanza huko kaskazini aliwekwa ngazini kupokea abiria. Adhuhuri ilipoingia, vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, hakuweza kufungua kamba za viatu atawadhe, na wakati ukamtoka. Mama yake alilia aliposikia hilo kuliko alivyolia siku ya kumuaga.

Tuzitazame nyuzi zenyewe. Jeddah mchana wa Julai hukaribia nyuzi 40. Tromsø, mji wa Norwe ulio ndani ya Duara ya Aktiki, wastani wake mwezi huohuo ni kama 12, na Longyearbyen katika visiwa vya Svalbard ni kama 7. Hicho ndicho kiangazi chao, jua lisilotua usiku wala mchana! Kisha juu ya sitaha pana upepo, nao hunyang'anya mwili joto lake upesi kuliko hewa iliyotulia.

Wengi wetu hudhani dawa ya baridi ni nguo moja nzito. Sivyo. Kinachompa mtu joto ni hewa iliyonaswa baina ya nguo na nguo, na ndiyo maana nguo tatu nyepesi hushinda koti moja zito. Ya ndani igusane na ngozi na isishike jasho; ya kati iwe sweta; ya juu izuie upepo na mvua. Pamba, kipenzi chetu cha Pwani, haifai kuwa ya ndani, kwani hunywa maji na haikauki haraka, na fulana iliyolowa jasho hugeuka adui pindi mtu anaposimama. Sufu hata ikirowa kidogo huendelea kuhifadhi joto. Si kitu kigeni kwetu: joho, tunaloliona mabegani mwa bwana harusi, asili yake ni kitambaa cha sufu.

Wapi pa kuipata? Soko la Kongowea, si mbali nasi. Katika marobota ya mitumba mna makoti yaliyovaliwa Ulaya, yakavuka bahari hadi Kilindini, na sasa yanasubiri mtu wa kuyarudisha kwao. Akina mama wasiyapite kwa kuwa hapa ni mzigo wa bure. Watazame matundu ya nondo, wajaribu zipu mara tatu, wanuse kwapani. Koti la manyoya ya bata ni jepesi na lina joto, lakini likilowa hushikana mabonge na likawa halifai kitu. Kofia ya sufu nayo ni lazima; kofia zetu za kiua, kwa uzuri wake wote, haziziba masikio.

Ama miguu, hapo ndipo penye rehema. Imepokewa kwa Mughira bin Shu'ba (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa safarini amevaa juba la sufu lenye mikono myembamba, Mughira alipoinama amvue khofu, akamwambia aziache, kwani alizivaa akiwa tohara, akapaka maji juu yake. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, khofu ifunike mguu pamoja na vifundo vyake, iwe madhubuti ya kutembelea, isipenyeze maji, na ivaliwe baada ya udhu kukamilika. Mkaazi ana siku moja na usiku wake, msafiri siku tatu na mausiku yake, na hesabu huanza udhu unapotenguka baada ya kuzivaa. Janaba huondosha ruhusa hiyo. Soksi nyembamba za dukani hazitoshi. Khofu za ngozi zinapatikana, na wepesi wake hauna mfano kwa aliye kazini.

Suala la binti kusafiri bila mahramu lina mlango wake, nasi leo hatuupigi hodi. Lakini wako waliokwenda na waume zao, nao watuulize nguo. Buibui pana hujaa upepo kama tanga, na ngazini ni hatari. Afadhali koti refu lipitalo magoti, juu ya sketi nzito, na suruali ya sufu ndani yake. Mtandio uwe wa kitambaa kinachonyumbuka, ushikao kichwa bila pini kumi.

Kanzu zipunguzwe ziwe mbili. Leso ibaki doti nzima: ni mswala, ni shuka, ni taulo, na hukauka upesi. Khofu zisitiwe sandukuni bali katika mkoba wa mkononi, kwa maana sanduku huweza kuchelewa nyuma siku mbili, na sala haichelewi.