Sindano Niliyonusurika

Mimi ni karani wa parokia hapa Kasoli, umri wangu miaka 36. Tulifunga ndoa miaka sita iliyopita, na mtoto hatujapata. Lawama zote zilimwangukia mke wangu. Mama yangu mwenyewe alikuwa akimsema kisimani mbele ya watu. Nami nilinyamaza kana kwamba hayanihusu, jambo linaloniumiza hata leo.

Mwaka jana nikaenda kupimwa. Katika maabara moja mjini walinitoa damu saa kumi jioni, wakasema homoni yangu ya kiume, yaani testosteroni, ni pungufu. Mwuza dawa wa karibu alikuwa na sindano tayari. Fedha za pamba zilikuwa mfukoni, nusura nichomwe.

Nikaona heri niende kwanza hospitali ya Mwanza. Daktari alinitazama tumbo (sisi makarani twakaa mno), kisha akanieleza. Homoni hii, nyingi yake imeshikwa na protini za damu, nyingine kwa nguvu, nyingine kwa ulegevu, kama marobota yaliyofungwa juu ya lori. Katika sehemu mia, mbili au tatu hivi tu ndizo huru. Maabara ile ilihesabu zote pamoja. Mtu mnene hupungukiwa na ile protini ishikayo kwa nguvu. Jumla huonekana ndogo, kumbe iliyo huru huenda yatosha. Kwa mzee huweza kuwa kinyume: jumla nzuri, iliyo huru haba. Tena damu hutolewa asubuhi, maana jioni homoni hushuka, na jibu la chini hurudiwa siku nyingine.

Nikatolewa damu asubuhi mbili. Homoni yangu iliyo huru ilitosha.

Ndipo akasema neno lililonitoa jasho. Mtu anayetafuta mtoto hapewi sindano ya testosteroni. Ubongo ukiona homoni imejaa kutoka nje, huacha kuziamuru korodani, na mbegu hupungua au hukoma kabisa. Kumbe ningelipa fedha za pamba nijizuilie mtoto!

Lakini kipimo hiki hakisemi lolote juu ya mbegu zenyewe. Hizo hupimwa peke yake. Nimekwisha kupimwa, nangoja majibu.

Niliporudi nilimwita mama, mke wangu akiwapo, nikamwambia kuwa anayepimwa ni mimi. Hakujibu. Alichukua ndoo ya mke wangu, akaenda kisimani mwenyewe.