Lusangi: Kioo cha ordinatere kilichokula nusu ya namba

Lusangi, wilaya ya Kabambare. Katika kituo kimoja kidogo cha redio ya jamii kuna ordinatere moja tu. Mchana inawaka kwa sola, jioni inakula batri. Ndiyo inayobeba komunike zote: misiba, mikutano ya wazazi shuleni, chanjo za zone ya afya, na zile zinazofanya watu wanyamaze majikoni ili wasikie vizuri, yaani komunike za wanaotafuta watu wao.

Anayeziandika ni msichana wa miaka 23. Alifika pamoja na mama yake na wadogo zake wakitokea upande wa Salamabila, bunduki zilipozidi huko. Kama wakimbizi wengi wa ndani wa kusini mwa Maniema, hawakuingia kambini. Walipokelewa katika nyumba ya watu, wakapewa chumba kimoja na jiko la kushirikiana. Kazi ya redio aliipata kwa sababu anaandika haraka bila kuangalia vidole. Posho yake ni ndogo, lakini akikaa mbele ya ile ordinatere haitwi tena mkimbizi. Anaitwa sekretere.

Ndiyo maana alitaka kila kitu kiwe safi. Ilikuwa kiangazi, mvua imekatika, na kila pikipiki iliyopita barabarani iliacha vumbi jekundu likiingia dirishani. Juu ya vumbi hilo kulikuwa na alama za vidole vya watu waliokuja kuonyesha jina lao kwenye kioo, wengine wakitoka kula bugali na sombe yenye mawese.

Asubuhi moja akafika mapema. Alichukua kipande cha kikwembe kipya, akakichovya katika maji ya kisima yenye sabuni, akapanguza kioo chote kikiwa kinawaka, kwa nguvu, kama anavyopanguza meza. Mahali alipokaa yeye, kioo kiling'aa. Akafurahi, akaanza kazi.

Siku hiyo akaja mama mmoja. Mtoto wake wa kiume, mwenye miaka 9, walipotezana njiani wakati wa kukimbia. Mama hana simu, kwa hiyo alitoa namba ya mwenye nyumba aliyempokea. Sekretere aliiandika katika daftari, kisha katika ordinatere, akairudia mara mbili na yule mama. Namba iliishia na 8.

Saa kumi na moja ya jioni mtangazaji alikaa kusoma. Saa hiyo jua limeshuka na linaingia moja kwa moja kwa dirisha la magharibi. Mwanga ulipopiga kioo, ile michirizi ya sabuni ambayo asubuhi haikuonekana ikaamka yote, myeupe kama njia ya konokono. Mchirizi mmoja ulipita juu ya ile 8 ukafuta upande wake wa kushoto. Mtangazaji aliona 3. Akasoma 3, na akairudia kama ilivyo desturi, 3.

Siku mbili zikapita bila simu. Yule mama alikuja kituoni mara tatu kuuliza kama komunike ilipita kweli. Aliambiwa ilipita, na ni kweli ilipita.

Siku ya tatu alifika kijana anayebeba mchele kwa baiskeli. Alikuwa ametumwa na mama mwingine wa kijiji kilicho kando ya barabara ya Kasongo. Mama huyo alisikia redio, mtoto anaye nyumbani kwake, na amepiga namba hiyo mpaka vocha imekwisha. Anayepokea ni mwanaume asiyejua Lusangi wala mtoto.

Sekretere alifungua daftari. Akaangalia namba, akaangalia kioo, akamwomba kijana asome namba aliyopewa. Hapo akaelewa. Alikaa chini bila kusema neno.

Fundi wa kituo, mzee ambaye wote wanamwita papa fundi, hakumgombeza.

"Mwanangu, ulipanguza na nini?"

"Na maji ya sabuni, papa. Nilitaka kiwe safi."

"Kilikuwa safi. Ila uliacha sabuni juu yake."

Kisha akamwonyesha, taratibu, huku yule kijana wa mchele akipumzika mlangoni.

Kwanza alizima ordinatere na kuchomoa waya. Kioo kikiwa cheusi, uchafu wote unaonekana. Kikiwa kimepoa, maji hayakauki kabla mkono haujamaliza kazi. Kioo chenye joto kinakausha maji haraka, na kilichokuwa ndani ya maji kinabaki hapo.

Pili aliondoa vumbi kwa kitambaa kikavu, bila kukandamiza. Vumbi la barabara lina chembe za mchanga. Ukilisugua likiwa bado juu ya kioo, linachora, na mchoro huo hautoki tena.

Tatu, kitambaa. Kikwembe kipya kina dawa ya kiwandani inayokifanya kiwe kigumu, na dawa hiyo inaacha alama. Papa fundi alitoa mfukoni kile kitambaa chepesi cha kufutia miwani yake. Kama hakuna, alisema, singileti ya pamba iliyozeeka inatosha, iwe imefuliwa mara nyingi na kusuuzwa mpaka sabuni yote imetoka. Karatasi, hapana, maana nayo inakwaruza.

Nne, maji. Maji ya kisima yana chumvi za ardhini. Yakikauka yanaacha weupe, kama ule unaoshika ndani ya birika la chai, na kuyachemsha si dawa ya kuondoa chumvi zote. Maji ya mvua ni bora, yakikingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza, kisha yakachujwa. Kituoni kulikuwa na chupa moja iliyobaki tangu masika. Alilowesha ncha ya kitambaa, akaikamua mpaka haidondoshi hata tone. Hakumwagia kioo chenyewe, kwa sababu maji yanashuka mpaka ukingo wa chini, yanaingia ndani, na ordinatere inakufa.

Akapanguza kutoka juu kwenda chini, mstari baada ya mstari, kwa mkono mwepesi. Penye mafuta ya vidole alirudia bila kusukuma, maana kioo cha ordinatere bapa ni laini, si kama kioo cha dirisha. Mwishoni, kabla unyevu haujakauka wenyewe, akapita na upande mkavu wa kitambaa. Dawa kali za kusafishia madirisha na asetoni alizikataza kabisa: zinakula ngozi nyembamba iliyo juu ya kioo.

"Na ukimaliza," alisema, "usikiangalie ukiwa umekaa mahali pako. Kiangalie kutoka pembeni, na saa ya jua kali. Huko ndiko makosa yanakojificha."

Jioni hiyo komunike ilisomwa upya. Mtangazaji aliomba radhi kwa wasikilizaji, akasoma namba tarakimu kwa tarakimu. Kabla habari hazijaisha, simu ya mwenye nyumba ililia.

Mtoto alifika kesho yake, juu ya baiskeli ya yule kijana, amekaa juu ya gunia. Mama yake alimpapasa kichwa, mikono na magoti, kama anayehesabu. Hakuuliza kuhusu siku zile tatu. Sekretere ndiye aliyemfuata nyumbani kwa kumwambia ukweli, kwamba kosa lilitoka kwenye kitambaa chake. Mama akamwambia, "Mwanangu, ulikuwa unasafisha." Akamkaribisha kula.

Tangu wakati huo kituo kimebadilisha mambo mawili. Namba ya simu inasomwa kutoka daftari, na ordinatere inakuwa shahidi wa pili. Na kila Jumamosi asubuhi, kabla sola haijashika vizuri, kioo kinasafishwa kikiwa kimezimwa. Mvua zitakaporudi, kumbikumbi watafuata mwanga na kupasukia juu ya kioo hicho usiku, na kazi itaongezeka.

Singileti ya kupangusia imetundikwa kwenye msumari wake peke yake. Sekretere anaifua kwa mkono, anaisuuza maji matatu, na hakuna anayeruhusiwa kuifutia meza.