Ukifika Dar es Salaam, utakula wapi?

Ndugu msomaji, huenda unayo safari ya Dar es Salaam. Pengine unakwenda kumwona mwanao. Pengine unampeleka mgonjwa Hospitali ya Muhimbili. Pengine kikundi chenu kimekutuma kuulizia bei ya mpunga. Nauli umeipata. Mahali pa kulala umeambiwa. Lakini je, utakula wapi?

Utanijibu, "Nitakula pale pale nilipokula safari iliyopita." Ngoja kwanza, ndugu yangu. Mahali pa kula mjini si kama mwembe wa uani. Mwembe ukiuacha leo, ukirudi baada ya miaka 5 utaukuta umesimama pale pale. Mahali pa kula huhama. Pengine hufungwa. Pengine hufunguliwa mahali ambapo zamani palikuwa na majani matupu. Leo twende pamoja tukaone jambo hili, na sababu zake.

Kwanza tuelewane maneno. Mjini mtu akisema "hoteli", mara nyingi ana maana ya nyumba ya kula tu. Nyumba ya kulala wageni huitwa gesti. Mama lishe ni mwanamke anayepika na kuuza chakula kibandani, sokoni au kando ya njia. Wengi humwita mama ntilie. Maana yake ni "mama, nitilie", yaani nitilie chakula sahanini. Siku hizi wako pia wanaume wanaofanya kazi hiyo. Hao huitwa baba lishe.

DENI LANGU LA UBUNGO

Mwaka 2019 nilikuwa Ubungo. Wakati huo Ubungo ndiyo ilikuwa stendi kuu ya mabasi ya mikoani. Nilikaa kwenye benchi la mama lishe mmoja karibu na stendi. Nikala wali kwa maharage na mchicha. Kabla sijalipa, nikasikia basi langu linapiga honi. Nilikuwa na noti kubwa, naye mama hakuwa na chenji. Akaniambia, "Kimbia mwanangu, utalipa ukirudi." Akachukua daftari lake, akaandika jina langu na shilingi 1,500.

Nilirudi mwaka 2021. Nikaenda Ubungo moja kwa moja na deni langu mfukoni. Sikumkuta mama. Sikukuta benchi. Stendi yenyewe ilikuwa imehama.

Tarehe 24 Februari 2021 ilizinduliwa stendi mpya ya mabasi ya mikoani huko Mbezi Luis, katika Barabara ya Morogoro. Inaitwa Stendi ya Magufuli. Mabasi yakahamia huko. Ubungo pamebadilika sana. Kwenye makutano ya barabara yamejengwa madaraja ya magari kupita juu. Katika uwanja wa stendi ya zamani kimejengwa kituo kikubwa cha biashara.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Stendi inapohama, nani anahama? Mabasi yanahama. Wakata tiketi wanahama. Wapagazi wanahama. Je, mama aliyekuwa anawapikia wote hao afanye nini? Akibaki, ugali utalala sufuriani. Akihama, huko aendako hana mahali, wala hajulikani.

Jambo hili halikuanza Ubungo. Wazee wanakumbuka mabasi ya mikoani yakiegeshwa Mnazi Mmoja na Kisutu, katikati ya mji. Huko nako watu walikula. Mabasi yalipoondoka, walaji waliondoka nayo. Mji unapokua, stendi husogezwa nje. Na Dar es Salaam umekua kweli. Katika sensa ya mwaka 2022, mkoa huu ulikuwa na watu 5,383,728.

SUFURIA HUFUATA MIGUU

Kutoka Mbezi tushuke kuelekea mjini. Tukifika Kimara tupande mwendokasi. Mwendokasi ni mabasi marefu yanayopita katika njia yao peke yao. Yalianza kazi mwezi Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni.

Kabla ya mwaka huo, abiria wa njia hii walisimama kando ya barabara wakingojea daladala. Mtu akingoja husikia njaa. Akimwona mwenye maandazi au mihogo ya kukaanga, hununua. Mwendokasi ulipokuja, daladala nyingi ziliondolewa katika njia hii. Abiria sasa huingia kituoni, hulipa nauli na kungoja ndani. Aliyezoea kuuza pale daladala zilipokuwa zinasimama, alibaki anatazama magari yakipita.

Safari nayo isingekuwa rahisi bila kupanua barabara. Mwaka 2017 nyumba na maduka mengi kati ya Kimara na Kibaha yalibomolewa ili barabara ipanuliwe. Waliokuwa wamejenga hoteli za kula ndani ya hifadhi ya barabara waliondoka pamoja na wengine. Hifadhi ya barabara ni ardhi ya kando iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Barabara mpya ni nzuri, tunapita haraka. Lakini tukumbuke kwamba kuna watu walizima mafiga yao ili sisi tupite.

Tushuke Kariakoo. Jina hili limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Soko kubwa la Kariakoo lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, na lilifunguliwa mwaka 1975. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko hilo liliungua moto. Wafanyabiashara walipelekwa katika masoko mengine, na Serikali ikaanza kulikarabati na kujenga jengo jipya kando yake.

Moto ule uliunguza bidhaa za wenye vizimba. Lakini tazama mbali zaidi. Mwenye kizimba hula mchana. Mpagazi wake hula mchana. Mteja aliyetoka mbali naye hula. Soko likifungwa, sahani hizo zote hazipo tena mahali pale. Mama lishe huunguliwa bila moto kugusa kibanda chake.

Miezi michache baadaye, Oktoba 2021, wafanyabiashara wadogo waliagizwa waondoke kando ya barabara na mbele ya maduka, waende katika maeneo waliyotengewa. Mama lishe nao walikuwamo. Njia zikafunguka, waenda kwa miguu wakapita vizuri. Lakini baadhi ya maeneo mapya yalikuwa mbali na watu. Watu walikuwa wakisema, "Tumepewa mahali, lakini hatukupewa wateja."

Hapo ndipo tunajifunza jambo kubwa la safari hii. Miguu ya watu haifuati sufuria. Sufuria ndiyo hufuata miguu ya watu.

HATA HOTELI KUBWA HUHAMA

Usidhani haya huwapata wenye vibanda tu. Tuendelee hadi Mtaa wa Samora, katikati ya mji. Hapo palikuwa na mgahawa maarufu ulioitwa Salamander. Watu wa mjini waliketi pale wakinywa chai na kahawa, wakitazama wapita njia. Leo ukienda utaona jengo refu la ghorofa nyingi. Jina la Salamander limebaki kwenye jengo. Kahawa ile haipo.

Wenye fedha nao wamehamisha miguu yao. Wengi hawaji tena mjini kula. Wanakula Masaki, Mikocheni, Sinza, au Mlimani City, jengo la maduka lililofunguliwa mwaka 2006. Mwaka 2016 Serikali iliamua kuhamia Dodoma. Wizara zikahama. Mtumishi akihamia Dodoma, chakula chake cha mchana nacho kinahamia Dodoma. Sufuria iliyokuwa ikimngojea karibu na ofisi, sasa ingojee nani?

Mwisho wa njia ya mwendokasi ni Kivukoni. Hapo karibu kuna soko la samaki la Feri. Samaki huletwa na wavuvi, hupigiwa mnada, na wengine hukaangwa hapo hapo. Ukinunua samaki unaweza kukaangiwa ukala kwa ugali na pilipili. Hapa pana bahati yake. Stendi inaweza kuhamishwa. Wizara inaweza kuhamishwa. Bahari haihamishiki. Hata hivyo Daraja la Nyerere lilifunguliwa Aprili 2016, na watu wengi wa Kigamboni sasa hupita Kurasini bila kupanda pantoni. Anayepita darajani hapiti mbele ya kikaango cha Feri.

YANATUHUSU NINI SISI WA VIJIJINI?

Pengine unasema, "Haya ni mambo ya mjini." La, ndugu. Fikiri vizuri. Mchele ulio katika sufuria ya mama lishe unatoka Kyela na Mbarali. Ndizi zinatoka Rungwe na Moshi. Maharage yanatoka Kigoma na Kagera. Dagaa wanatoka Mwanza. Mama lishe ni mteja wako, ingawa hujamwona. Akifunga kibanda kwa mwezi mmoja, gunia moja la kijiji fulani halikununuliwa.

Tena, wengi wa mama lishe ni dada zetu na binti zetu. Walitoka vijijini kama chako. Katika miaka ya 1980 maisha yalikuwa magumu na mishahara haikutosha, na wanawake wengi wa mjini wakaingia katika kazi hii. Wakati ule ilikuwapo Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983. Watu walioonekana hawana kazi inayotambuliwa walikamatwa na kurudishwa vijijini. Baadhi ya wauza vyakula walijikuta wakikimbia na masufuria yao. Leo kazi yao inajulikana kuwa ni kazi.

Kwa hiyo, kama binti yako anataka kwenda mjini kufungua kibanda cha chakula, mwambie haya:

Kwanza, asikodi mahali kwa sababu tu leo pana watu. Aulize kesho patakuwaje. Aende ofisi ya serikali ya mtaa aulize kama pale ni hifadhi ya barabara, au kama pana mpango wa ujenzi.

Pili, asitumie fedha zake zote kujenga. Sufuria, sahani na benchi hubebeka. Ukuta haubebeki.

Tatu, azingatie usafi. Kipindupindu kikiingia mjini, vibanda vichafu ndivyo hufungwa mapema, na afya za watu huwa hatarini. Awe na maji safi, sabuni na chombo cha kufunika chakula.

Nne, aandike. Mkopo wa sahani moja ni mdogo, lakini sahani 40 ni mtaji.

Na wewe msafiri, ukifika stendi usifuate kila anayekuita. Uliza bei kabla hujakaa. Nawa mikono kwa maji yanayotiririka. Kula chakula cha moto, kinachotoka jikoni. Penye walaji wengi wenyeji wa hapo, chakula hakilali.

DAFTARI LA MAMA

Sasa turudi kwenye deni langu. Siku ile Ubungo nilimwuliza kijana mmoja mpagazi. Akasema, "Yule mama? Yuko Mbezi, lakini si ndani. Mwulizie nje." Nikapanda daladala hadi Mbezi Luis. Niliuliza vibanda vitatu. Cha nne kilikuwa chake. Turubai lilikuwa jipya, benchi lilikuwa lile lile.

Hakunikumbuka. Nikamwambia, "Mama, nina deni lako la Ubungo." Akacheka, akatoa daftari kwenye mfuko wa nailoni. Akafunua kurasa polepole, akifuata majina kwa kidole. Aliniambia kwamba alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima. Kurasa zilikuwa zimejaa. Majina ya makondakta. Majina ya wapagazi. Jina moja lilikuwa limeandikwa "Kaka wa kofia nyekundu."

Nikamwuliza, "Hawa wote wamelipa?"

Akasema, "Wengine wako humu Mbezi, wamelipa. Wengine sijui stendi ilipohama walikwenda wapi. Sufuria nilibeba mwanangu. Wateja sikuweza kuwabeba."

Nikampa shilingi 1,500. Akakata mstari juu ya jina langu. Kisha akanitilia chai na chapati moja, akakataa fedha yake. Nilipomwuliza kama ataendelea kukaa hapo, alitazama lango la stendi, akasema, "Nitakaa mpaka watu watakapohama."

Ndugu msomaji, ukienda Dar es Salaam, kula ushibe, na lipa kabla basi halijapiga honi. Kama unalo deni la sahani mahali fulani, litafute lilikohamia, ulilipe. Na ukirudi salama kijijini, waambie wenzako stendi sasa iko wapi.