Mirambo, Isike na Kitufe cha Kutengua

Kijana wa Lusu aliyefungua makala ya kata yake kwenye Wikipedia ya Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 2010 alisoma sentensi chache tu: ni kata ya Wilaya ya Nzega, Mkoa wa Tabora, ina watu kadhaa kwa mujibu wa sensa. Chini kabisa palikuwa na ombi linalowekwa kwenye makala changa: hii bado ni mbegu, mwenye habari zaidi aihariri. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, ambaye ndiye kijana huyo na siku hizo alikuwa akilipia nusu saa ya intaneti kafe Nzega mjini, aliona hilo ni ombi la haki. Habari anazo. Akaandika kuhusu dhahabu.

Dhahabu ya Lusu haikuwa siri. Mgodi wa Golden Pride ulianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1990, ukawa wa kwanza katika ile migodi mikubwa iliyofunguliwa baada ya nchi kuwakaribisha wawekezaji. Lakini Lusu nzima inajua kwamba wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba kwa sululu na karai kabla kampuni haijafika. Kijana aliiandika sentensi hiyo, na hiyo ndiyo iliyotenguliwa na mhariri mwingine. Maelezo ya aliyetengua yalikuwa maneno mawili: hakuna chanzo. Kijana akairudisha, ikatenguliwa tena. Ndipo akaingia ukurasa wa majadiliano na kuuliza kwa ukali: ndugu, wewe umewahi kufika Lusu?

Enzi hizo swali hilo lilikuwa silaha ya wengi. Aliyezaliwa mahali alijiona hakimu wa habari zake, na aliye mbali alionekana mdandiaji.

Miaka ya mwanzo haikuwa na ubishi mkubwa. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003, ikabebwa na watu wachache, miongoni mwao mwanahabari na mwanablogu Ndesanjo Macha. Shamba likiwa na jembe moja, nani atagombea mpaka? Makala ya mistari miwili ilipokelewa kwa shangwe. Kisha mwishoni mwa 2009 Google ikatangaza shindano kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania: andika makala, ushindanie zawadi. Makala zikaja kwa mamia. Zawadi zilipokwisha gawiwa, washindani wengi nao wakatoweka, na mzigo wa kusahihisha ukawabakia wahariri wa kujitolea pamoja na wakabidhi, yaani wale wachache waliopewa uwezo wa kufuta makala na kuwazuia wavurugaji. Kwa mtu aliyekuwa akitazama kutoka Nzega, hapo ndipo swali la chanzo lilipoanza kuulizwa kwa sauti kubwa.

Na kwa historia ya Unyamwezi swali hilo ni gumu. Chukua Mtemi Mirambo. Mwaka 1871 alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, na kuifunga njia ya Ujiji, mwanahabari Henry Morton Stanley alikuwepo, akaingia vitani upande wa Waarabu, akashindwa pamoja nao, na akamwandika Mirambo kama jambazi. Mwaka 1876 Stanley huyohuyo alikutana naye uso kwa uso, wakachanjiana damu, na safari hii akaondoka akimsifu. Kwa hiyo mhariri anayetaka kumwita Mirambo mnyang'anyi atamtaja Stanley, na anayetaka kumwita muungwana atamtaja Stanley. Wote wawili wana chanzo.

Hata mwaka wa kuzaliwa kwa mtemi huyo unabishaniwa. Norman Bennett, mwanahistoria aliyeandika kitabu kizima juu yake kilichotoka 1971, aliweka kwenye jina la kitabu mwaka 1840 na alama ya kuuliza mbele yake. Wahariri wenye haraka huifuta ile alama ya shaka na kuacha namba tupu, kisha namba hiyo inanakiliwa kila mahali.

Isike, mtemi wa Unyanyembe, ana ubishi wake. Januari 1893 Wajerumani wakiongozwa na Tom Prince walipoivamia ngome yake, aliilipua baruti akiwa ndani. Wapo wanaosimulia kwamba alikufa hapohapo, kwa mkono wake, na adui hakumpata. Wapo wanaosema Wajerumani walimkuta roho haijatoka, wakamnyonga. Tofauti hiyo haionekani kubwa kwa msomaji wa Berlin. Kwa watu wa Tabora tofauti hiyo ni kubwa mno, maana masimulizi ya kwanza yanamwacha mtemi akiwa huru hadi pumzi ya mwisho. Makala nzuri huyaeleza yote mawili na kusema nani kasema lipi. Makala mbaya huchagua moja, na wiki inayofuata mtu mwingine huchagua lile lingine.

Waliotangulia kugombana kwa namna hii hapo Tabora hawakuwa na kompyuta. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Novemba 1857, mahali walipopaita Kazeh, jina ambalo Stanley baadaye alidai halitambuliki na wenyeji. Julai iliyofuata Speke alimwacha mwenzake na kuelekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa alilolipa jina la Victoria. Akarudi Kazeh akitangaza kwamba Mto Nile unaanzia huko. Burton akamdai ushahidi, na Speke hakuwa nao wa kutosha. Hawakupatana mpaka Speke alipokufa 1864.

Ubishi mkali kuliko yote unahusu njia yenyewe ya misafara. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka UNESCO njia ya Bagamoyo hadi Ujiji, iwemo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, kama njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Mwaka huohuo mwanahistoria Stephen Rockel alichapisha kitabu kinachoonyesha kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, wafanyakazi wa ujira walioijua kazi yao na kuipigania mishahara yao. Mjukuu wa mpagazi anapokuta babu zake wamefungwa minyororo katika kila picha, ana haki ya kukasirika. Lakini yule anayefuta neno watumwa kabisa naye anapotosha: Unyanyembe ilijaa watumwa, katika nyumba za Waarabu na za wenyeji wenye mali. Mwandishi huyu ameona watu wakirushiana maneno kwa siku kadhaa juu ya jambo ambalo aya mbili zingelimaliza.

Si Waswahili peke yao, kwa kweli. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza wahariri walibishana miaka kadhaa, hadi 2011, kuhusu namna ya kuandika neno la maziwa mgando. Nzega wangeyanywa tu.

Mwaka huohuo wa 2011 palikuwa na jaribio ambalo lingeifaa Lusu. Mtafiti Achal Prabhala na wenzake, wakifanya kazi India na Afrika Kusini, walirekodi sauti za watu wakieleza mambo ambayo hayajawahi kuandikwa, wakazitumia kama marejeo ya makala. Wahariri wengi wa Kiingereza walikataa: sauti ya mzee haiwezi kuhakikiwa kama ukurasa wa kitabu. Hoja ina uzito, ila inasahau kwamba Burton na Stanley nao waliwauliza wazee, kisha wakaandika majibu kwa majina yao wenyewe.

Taratibu, vijana waliokuwa wakiuliza umewahi kufika walianza kutafuta vitabu. Wakagundua kitabu cha Kiswahili cha John B. Kabeya kuhusu Mtemi Mirambo, cha miaka ya 1960, na masimulizi ya maisha ya mfanyabiashara Tippu Tip, ambaye mwenyewe aliyaeleza kwa Kiswahili. Kijana wa Lusu naye alipata taarifa iliyochapishwa inayowataja wachimbaji wadogo, sentensi yake ikakubaliwa bila neno.

Sasa ubishi umehama tena. Wikipedia ya Kiswahili imepita makala 80,000, na nyingi kati ya mpya zimepitia programu za kutafsiri. Wakabidhi hawaulizi tena Isike alikufaje, wanauliza kama sentensi inasomeka au ifutwe. Ni kazi ya lazima, lakini ni hasara, kwa sababu waliogombania Mirambo walilazimika kusoma na anayebandika tafsiri ya mashine halazimiki.

Mwenye mihtasari ya vikao vya kijiji, kumbukumbu za kanisa au daftari la babu aliyechimba Lusu kabla ya kampuni, asivifungie kabatini. Achapishe hata kijitabu cha kurasa ishirini, aweke jina na mwaka kwenye jalada, na nakala moja aipeleke maktaba ya mkoa pale Tabora, ili wahariri wapate chanzo.