Uvimbe na Nasaba Yake

Neno uvimbe ni gunia la lugha yetu ambamo vitu visivyofanana vimetiwa pamoja. Jino bovu likifurisha shavu, ni uvimbe. Kifuko cha maji kikikua taratibu ndani ya mfupa wa taya, ni uvimbe. Saratani ikilegeza meno ya mtoto katika majuma machache, nayo ni uvimbe vilevile. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, wala si tabibu. Hata hivyo gunia hili lanihusu, maana kutenga maneno ni kazi yangu, na katika jambo hili maneno yasipotengwa watu hufa.

Katika miteremko ya Kilimanjaro, toka migomba ya Kibosho na Marangu hadi Moshi mjini, nimesikia taya iliyovimba ikinenwa kwa njia mbili. Wengine husema ni jino, wakangoja. Wengine husema ni saratani, wakakata tamaa na kumficha mgonjwa ndani. Wa kwanza hupoteza siku ambazo zingemwokoa mtoto. Wa pili humlilia mtu aliye hai, ambaye pengine angepona kwa kupasuliwa mara moja. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Afrika Mashariki ina haki ya kulijua jambo hili, kwa kuwa sehemu kubwa ya elimu yake ilianzia kwetu. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Mwaka 1958 aliandika habari za ugonjwa huo, na mwaka 1961 akasafiri kwa motokaa maili kama 10,000, hadi kusini mwa Afrika na kurudi, akiulizia hospitali kwa hospitali. Aliona kwamba katika nchi zetu ugonjwa huo ni adimu mahali palipoinuka kupita futi 5,000 hivi, ambako baridi huwapunguza mbu na malaria. Mpaka huo wapita katika mlima wetu: Moshi mjini uko chini yake, na vijiji vya juu vimeupita. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza kirusi walichokiona katika seli za uvimbe huo. Mwaka 1982 ikajulikana badiliko lenyewe: kipande cha kromosomu ya 8 huhama, aghalabu kwenda kwenye ya 14, na jeni ya MYC, yenye kuamuru seli ziongezeke, hukosa wa kuizuia.

Tangu hapo taya imezidi kusomwa. Mwaka 2014 ilitambulikana kwamba ameloblastoma, uvimbe ambao kwa kawaida si saratani lakini hula mfupa polepole, mara nyingi una badiliko katika jeni ya BRAF. Kifuko kiitwacho keratosisti mara nyingi kina badiliko katika jeni ya PTCH1. Hata wakuu wa elimu husumbuliwa na majina: Shirika la Afya Duniani lilikitoa kifuko hicho katika jamaa ya vifuko mwaka 2005, likakirudisha mwaka 2017. Majina haya huamua matibabu. Kifuko hutolewa, na aghalabu mambo huishia hapo. Ameloblastoma ikikwanguliwa tu yaweza kurudi, hivyo mara nyingi kipande cha taya hukatwa. Saratani ya Burkitt hutibiwa hasa kwa dawa, na watoto wengi wanaowahishwa hupona. Eksirei na hadubini hutangulia. Kipimo cha vinasaba huitwa kama shahidi pale hadubini inaposita.

Lakini hapa lugha yatutegea mtego wa pili. Vinasaba ni neno lililozaliwa na nasaba, na mlimani, ambako kihamba hurithiwa katika ukoo, nasaba si neno jepesi. Tena wengi wamelisikia penye ugomvi wa nani baba wa mtoto. Mama mmoja aliniuliza, “Mwalimu, mtoto anaumwa taya, baba yake anaulizwa ya nini?” Swali hilo halikuwa la ujinga, lilikuwa swali la mtu ajuaye Kiswahili vizuri.

Nilimjibu, “Mama, hapimwi mtoto kujua ni wa nani. Unapimwa uvimbe, ujulikane ni wa jamaa gani.” Mabadiliko ya MYC na BRAF niliyoyataja hutokea ndani ya uvimbe wenyewe, mgonjwa akiwa amekwisha kuzaliwa, hayamwaibishi baba wala mama. La PTCH1 ndilo pengine hurithiwa, na hapo ukoo huulizwa ili ndugu nao wachunguzwe mapema.

Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, haiko mbali na vihamba hivyo. Njia iliyo ndefu ni ile itokayo kinywani mwa tabibu hadi sikioni mwa mgonjwa. Basi kifuko na kiitwe kifuko, na saratani iitwe saratani. Na kipimo hiki kikitajwa mbele ya wazazi, kiitwe kipimo cha nasaba ya uvimbe. Neno moja la ziada ni gharama ndogo, ikiwa litamfikisha mtoto hospitalini juma hili badala ya mwezi ujao.